HOSPITALI ILIYOJENGWA KWA HISA ZA WAKULIMA

Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi swali moja hurudi mara kwa mara: je, fedha ya ushirika yaweza kumkinga mwanachama na gharama za maradhi, au kazi ya chama hukoma kwenye mizani na ghala? Swali hilo si jipya. Wakulima wa pamba wa jimbo la Oklahoma, nchini Marekani, walijiuliza hivyo hivyo mwaka 1929, na jibu lao lilikuwa kujenga hospitali yao wenyewe. Hospitali hiyo, iliyopewa jina la Community Hospital, yaani Hospitali ya Jamii, huhesabiwa kuwa hospitali ya kwanza ya ushirika katika nchi hiyo. Habari zake zafaa kusomwa na kila katibu na kila mjumbe wa halmashauri, kwa kuwa mambo mengi yaliyoisumbua hayakuwa ya tiba. Yalikuwa ya hisa, ada, masharti ya chama, na watu wasioutakia ushirika mema.

Elk City ni mji mdogo wa wilaya ya Beckham, upande wa magharibi wa Oklahoma. Mwaka 1930 ulikuwa na wakazi elfu tano na mia kadhaa, na kuuzunguka palikuwa na mashamba ya pamba na ngano. Wakulima wengi wa huko hawakuwa na ardhi yao. Walilima kwa kupanga au kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Fedha waliiona mara moja kwa mwaka, baada ya kuchuma pamba, na mara nyingi ilikuwa imekwisha liwa na deni la duka kabla haijafika mkononi. Makatibu wa vyama vya mazao hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya maisha ya namna hiyo.

Ila maradhi hayangoji msimu. Mtoto akishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo mwezi wa Mei, pamba ikiwa bado changa shambani, baba yake alikuwa na njia tatu: kuuza mnyama wa kulimia, kuweka rehani alichonacho, au kukaa na kungoja. Waliokaa na kungoja walikuwa wengi. Madaktari walikuwapo, lakini kila mmoja alifanya kazi peke yake na mkoba wake, wengi wao bila maabara wala mashine ya eksirei, na alilipwa kwa kila tendo alilolitenda. Mpango huo una kasoro mbili. Kwanza, mgonjwa huchelewa kwenda kwa daktari kwa kuogopa malipo, hata jambo dogo likawa kubwa. Pili, mapato ya daktari hukua kadiri watu wanavyougua na kadiri anavyopasua, wala hakuna anayemlipa kwa kuwaweka watu katika afya njema. Yule anayelipa na yule anayelipwa wana faida mbili zinazopingana.

Aliyeyaona haya na kuyasema hadharani alikuwa daktari mmoja aitwaye Michael Shadid. Alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Judeidet Marjayoun, sehemu ambayo leo ni Lebanoni na wakati huo ilikuwa chini ya dola ya Waturuki. Baba yake alifariki angali mdogo, mama akabaki na watoto katika ufukara, na ndugu zake kadhaa walikufa utotoni. Mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 16, alihamia Marekani, akawa mchuuzi wa kutembeza vitu vidogo vidogo vya mapambo mlango kwa mlango. Kwa akiba ya uchuuzi huo alijisomesha mpaka akahitimu udaktari mjini St. Louis mwaka 1907. Akafanya kazi miaka zaidi ya 20 kati ya wakulima, hasa wa Oklahoma, na katika miaka ya 1920 alihamia Elk City. Mtu huyu basi hakuwa mgeni wa kazi wala wa umasikini. Alikuwa daktari mwenye wateja wengi na maisha mazuri, na kama angenyamaza hakuna ambaye angemsumbua.

Mnamo Oktoba 1929 aliwaita wakulima wa sehemu zile mkutanoni akawaeleza wazo lake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mkulima mmoja hawezi kujenga hospitali, wala hata kumi hawawezi. Lakini wakulima elfu mbili wakitoa dola 50 kila mmoja, jumla ni dola 100,000, na fedha hiyo yatosha kuanza nyumba, vitanda na vyombo. Hisa ikawekwa kuwa dola 50. Wenye hisa ndio wangekuwa wenye hospitali. Madaktari wangekuwa watumishi wao, nao wangefanya kazi pamoja chini ya paa moja, kila mmoja na ujuzi wake.

Mwezi huo huo soko la hisa la New York lilianguka, na bei za mazao zikafuata. Hapa yafaa katibu achukue kalamu. Mwaka 1929 mkulima wa pamba wa Marekani alipata wastani wa senti 17 hivi kwa ratili. Mwaka 1931 alipata chini ya senti 6. Maana yake, hisa ya dola 50 ambayo mkulima aliiahidi mwaka 1929 ilikuwa na thamani ya ratili 300 hivi za pamba, lakini aliyeifikia ahadi hiyo mwaka 1931 alihitaji ratili zaidi ya 870. Hisa haikupanda hata senti moja kwenye vitabu vya chama, ilhali shambani ilikuwa karibu mara tatu. Mweka hazina anayesoma orodha ya wadaiwa bila kutazama bei ya mazao aweza kuwadhania watu ukaidi, kumbe wameishiwa.

Kwa hiyo fedha ziliingia kwa kusuasua, na ujenzi ulisuasua pamoja nazo. Wengine walilipa sehemu wakasimama; wengine, waliposikia maneno ya mjini, walitaka kurudishiwa walichotoa. Daktari mwenyewe alilazimika kutia fedha yake ili kazi isikwame. Jambo hilo lilikuwa la ukarimu na liliokoa jengo, lakini kwa macho ya ukaguzi si jambo la kuigwa bila tahadhari: mtu mmoja akiwa ndiye mwenye wazo, mkuu wa kazi na mdai mkubwa wa chama kwa wakati mmoja, wanachama hupata shida kumwambia hapana. Vyovyote iwavyo, hospitali ilifunguliwa Agosti 1931, katikati ya unyonge wa bei ambao wazee wa Oklahoma waliusimulia mpaka mwisho wa maisha yao.

Upinzani

Maneno hayo ya mjini yalitoka wapi? Yalitoka kwanza kwa madaktari wenzake. Shadid alikuwa mwanachama wa chama cha madaktari cha wilaya kwa miaka mingi, na masharti ya chama hicho hayakuruhusu kumfukuza mtu bila kumshtaki na kumsikiliza. Wenzake wakapata njia nyingine. Walikivunja chama chao, wakakaa miezi kadhaa bila chama, kisha wakakiunda upya na kuwaandika wote isipokuwa yeye. Kwa mtu aliyezoea kusoma masharti ya vyama, hii ni hila ya kukumbukwa.

Kutengwa huko hakukuwa suala la heshima tu. Daktari asiyekuwa mwanachama wa chama cha wilaya hakuweza kuingia chama cha jimbo wala cha taifa. Alipata taabu kupata bima ya kumkinga endapo angeshtakiwa na mgonjwa, na madaktari vijana waliogopa kufanya kazi naye wasije wakapakwa masizi hayo hayo. Hospitali ilipotafuta madaktari kutoka majimbo mengine, waombaji walikumbana na vizuizi vya leseni. Mwisho leseni ya Shadid mwenyewe iliwekwa hatarini. Shitaka lilikuwa kwamba watu waliokwenda mashambani kuandikisha wanachama walikuwa wakimtafutia wagonjwa, jambo lililokatazwa na miiko ya kazi.

Yapasa kusema kwa haki kwamba mwiko wenyewe ulikuwa na sababu. Nchi ile ilikuwa na matapeli wengi waliojitangaza kwa mabango na kuuza dawa za uongo, na madaktari wa kweli walijiwekea sheria ya kutojitangaza ili watofautiane nao. Lakini kuandikisha wanachama wa hospitali wanayoimiliki wao wenyewe si kutangaza dawa, na kanuni iliyowekwa kumlinda mgonjwa ilikuwa sasa inatumika kumlinda mwenye duka. Tena yalichanganywa na mengine: kwamba mtu huyo ni mgeni kutoka Siria, kwamba ni mjamaa. La pili lilikuwa kweli, wala hakulificha.

Kilichoiokoa hospitali haikuwa hoja za daktari. Ilikuwa nguvu ya muungano wa wakulima. Chama kiitwacho Farmers' Union kilianzishwa Texas mwaka 1902 na kufika Oklahoma miaka michache baadaye. Kilikuwa na matawi vijijini, kilikuwa na bima yake ya pamoja, na viongozi wake walijulikana katika ofisi za serikali. Muungano huo uliichukua hospitali chini ya ulezi wake. Wakulima waliandika barua, wakatuma wajumbe, wakaenda wenyewe makao makuu ya jimbo. Gavana wa miaka ya 1931 hadi 1935, William H. Murray, aliyetegemea kura za mashambani, alisimama upande wao, na leseni ya Shadid haikufutwa. Kama hospitali ile ingekuwa ya wanahisa waliotawanyika, wasio na chama kikubwa nyuma yao, yamkini ingefungwa kabla haijatimiza mwaka wa pili. Chama cha msingi chapata jambo la kufikiri hapa kinapouliza michango ya muungano yamfaa nini.

Ada na huduma

Hisa ilijenga nyumba. Hisa haiwezi kuendesha kazi. Mishahara, dawa, makaa na taa huhitaji fedha ya kila mwaka, na hapo ndipo vyama vingi vilivyojenga kwa shangwe huanguka. Elk City walitumia ada ya mwaka. Mtu mmoja alilipa dola 12. Wawili wa nyumba moja dola 18. Watatu dola 22. Na jamaa ya watu wanne au zaidi dola 25, hata wawe kumi. Kwa nyumba ya watu watano ni dola 5 kwa kila kichwa kwa mwaka mzima. Haikuwa fedha kidogo kwa watu wale: kwa bei ya pamba ya mwaka 1931, dola 25 zilikuwa ratili 440 hivi, yaani karibu robota zima. Lakini mkulima alijua kiasi chake mapema, akaweza kukitenga wakati wa mauzo. Deni la hospitali lisilotazamiwa, ambalo hapo kale lingeweza kummaliza, lilikuwa limekatwa vipande na kugawiwa kwa wote.

Kwa ada hiyo mwanachama na jamaa yake walipata uchunguzi, ushauri na matibabu ya madaktari. Kulala wodini, dawa na matumizi ya chumba cha upasuaji kulikuwa na malipo yake mbali, nayo yaliwekwa kuwa madogo. Palikuwa na daktari wa upasuaji, wa magonjwa ya ndani, wa macho, masikio, pua na koo. Palikuwa na huduma ya meno, maabara na eksirei. Madaktari walilipwa mshahara, kwa hiyo hakuna aliyepata zaidi kwa kupasua zaidi. Pia daktari mmoja akitatizwa na mgonjwa, mwenzake alikuwa mlango wa pili, na mgonjwa hakulipishwa upya kwa kuonwa na wa pili.

Faida iliyo kubwa kuliko zote yaweza kupita bila kuonekana kwenye hesabu. Mtu aliyekwisha kulipa haogopi kuja mapema. Mama mjamzito huja kupimwa kabla ya uchungu, mwenye kikohozi hakai mpaka atapike damu. Kwa hospitali inayolipwa kwa tendo, mgonjwa wa mapema huleta mapato madogo. Kwa hospitali ya ada, mgonjwa wa mapema hupunguza matumizi. Hapo ndipo faida ya mwenye kulipa na ya mwenye kutibu zinapokuwa moja, na ndicho kiini cha mpango mzima.

Mpango wa kulipa kabla ya kuugua haukuzuliwa Elk City peke yake. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1929, walimu wa mji wa Dallas, Texas, walikubaliana na hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor kulipa senti 50 kwa mwezi, na kila mmoja akawa na haki ya kulazwa siku 21. Mpango huo uliigwa nchi nzima na ukazaa bima maarufu za Blue Cross. Tofauti mbili lakini ni kubwa. Walimu walikuwa na mshahara, na senti 50 zilikatwa kabla mtu hajaziona. Wakulima walikusanyiwa baada ya mavuno, pale walipokuwa na mavuno. Na walimu walinunua huduma ya hospitali ya watu wengine, ambapo wakulima wa Elk City waliinunua hospitali. Njia ya walimu ilikuwa rahisi zaidi kueneza. Njia ya wakulima ilimpa mwanachama sauti mkutanoni.

Sauti hiyo ilihitaji mipaka, maana hospitali si duka. Ilikubaliwa kwamba bodi ya wakulima itasimamia fedha, majengo, ada na uajiri, na madaktari watasimamia tiba. Mjumbe wa bodi hana ruhusa ya kuamuru mgonjwa gani apasuliwe, wala daktari hana ruhusa ya kupanga ada. Mstari huo ni rahisi kuuandika na mgumu kuulinda. Mjumbe ambaye ndugu yake ameambiwa angoje hushawishika kuingia ofisini kwa daktari. Daktari aliyezoea kutiiwa na wagonjwa huona ajabu kuulizwa na mkulima kwa nini bili ya dawa imezidi makadirio. Chama kitakachothubutu kuendesha huduma ya namna hii chapaswa kuuandika mstari huo katika masharti kabla ya kumwajiri mtu wa kwanza.

Hatari nyingine ni ya kuandikisha. Watu wakiruhusiwa kulipa ada siku wanapougua na kuacha siku wanapopona, mfuko hubaki na wagonjwa watupu, ada hupanda, wazima huzidi kutoka, na mfuko hufa. Wachache wanaokaa ndani huishia kubeba mzigo uliokusudiwa kubebwa na wote. Ndiyo sababu ada hutozwa kwa jamaa nzima na kwa mwaka mzima.

Yaliyofuata

Mwaka 1932 kamati ya wataalamu iliyochunguza gharama za matibabu Marekani kwa miaka mitano ilitoa taarifa yake, na wengi wa wajumbe walipendekeza mambo mawili ambayo Elk City walikuwa wameyashika: madaktari kufanya kazi kwa vikundi, na watu kulipa kabla kwa pamoja. Chama cha madaktari cha taifa kiliyapinga kwa ukali. Baadaye chama hicho chenyewe kilishtakiwa na serikali kwa kuuzuia ushirika wa afya wa watumishi wa mjini Washington. Kilitiwa hatiani mwaka 1941, na Mahakama Kuu ya nchi ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 1943. Huko Elk City ugomvi na madaktari wa wilaya uliendelea hata baada ya hapo. Hospitali ilifungua shauri mwaka 1950, nalo likaisha kwa mapatano miaka miwili baadaye, zaidi ya miaka 20 tangu mkutano ule wa kwanza.

Shadid aliandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1939, A Doctor for the People, akazunguka nchi nzima akihutubia vyama vya ushirika. Mwaka 1946 lilipoundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya afya, alichaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Alifariki mwaka 1966.

Hospitali yenyewe ilipanuliwa zaidi ya mara moja na ikahudumia maelfu ya jamaa za mashambani, lakini haikubaki ya ushirika daima. Mambo yaliyoizunguka yalibadilika. Ukame na vumbi la miaka ya 1930 viliwahamisha wakulima wengi, na trekta zikawahamisha wengine waliosalia. Sheria ya mwaka 1946 ilileta fedha ya serikali kuu kwa ujenzi wa hospitali za umma hata katika miji midogo. Bima za kawaida zikafika vijijini. Wanachama wakapungua, na katika miaka ya 1960 umiliki wa ushirika ukafikia kikomo.

Mbegu yake iliota mbali. Mwaka 1945 Shadid alihutubia wanaushirika wa mji wa Seattle, upande wa pwani ya magharibi. Wasikilizaji wake wakaunda ushirika ulioitwa Group Health, ukaanza kutibu watu Januari 1947 katika hospitali waliyoinunua. Nao walitengwa na madaktari wa wilaya yao, wakaenda mahakamani, na mwaka 1951 Mahakama Kuu ya jimbo la Washington ikawapa haki. Ushirika huo ulikua ukawa na wanachama mamia ya maelfu, ukadumu miaka 70. Mwaka 2017, baada ya wanachama wenye haki ya kura kupiga kura ya kukubali, ulichukuliwa na shirika kubwa la Kaiser Permanente, na mikutano mikuu ya wagonjwa wenye hospitali ikaisha huko pia.